Meno ya mtoto na maji ya kisima Nakuru: kupima floridi, kuipunguza, na nani apewe maji mazuri kwanza

Madoa ya kahawia ambayo Wakenya wengi hudai kumtambulia mtu wa Nakuru, Gilgil au Njoro si uchafu, na hayaletwi na uvivu wa kupiga mswaki. Huletwa na floridi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji ya kunywa, na yalianza kabla jino halijatoboa ufizi. Mzazi akilijua hilo, anajua pia pa kuanzia: aanze na kikombe cha uji cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kwa sababu meno ya mbele ya kaka yake wa miaka kumi na miwili yalishamaliza kujengwa zamani.

Kinachotokea ndani ya ufizi

Enameli ni lile ganda gumu la nje ya jino. Mahali ilipo nene zaidi, kwenye vilele vya magego, haizidi sana milimita 2. Hujengwa na seli maalumu jino likiwa bado limejificha ndani ya taya. Seli hizo hutandaza kwanza kiunzi cha protini, kisha protini huondolewa polepole na nafasi yake kujazwa fuwele za kalsiamu na fosfeti. Mtoto akimeza floridi nyingi siku hizo, protini huchelewa kuondoka na fuwele hazijazi nafasi zote. Jino hukamilika likiwa na vitundu vidogo mno chini ya uso wake.

Mwanga ukifika kwenye vitundu hivyo hutawanyika, ndiyo maana alama ya kwanza huwa nyeupe kama chaki. Rangi ya kahawia hufuata baada ya jino kutoka, chai na vyakula vinapopenyeza rangi humo. Hali ikiwa mbaya, uso wa enameli humeguka mtoto anapotafuna, na jino hubaki na mashimo. Mashimo hayo hushika utando wa mabaki ya chakula, kwa hiyo jino lililoharibiwa sana na floridi huoza kwa urahisi kuliko jirani yake.

Seli zinazojenga enameli hutoweka jino linapotoka. Kwa hiyo hakuna dawa, maziwa wala tembe itakayolijenga upya. Kwa upande mwingine, mtu mzima anayehama kutoka Kisumu kuja Nakuru hawezi kupata madoa haya hata akinywa maji ya kisima hadi uzeeni. Mifupa yake ni jambo jingine: maji yanayozidi miligramu 4 za floridi kwa lita, yakinywewa miaka mingi, yanaweza kukaza viungo na uti wa mgongo.

Ratiba ya ujenzi ni hii. Gego la kwanza la kudumu huanza mtoto anapozaliwa na kichwa chake hukamilika akiwa na miaka mitatu hivi. Meno ya mbele ya kudumu huanza kati ya mwezi wa tatu na wa nne, yakamalizika kati ya miaka minne na mitano. Kwa meno ya mbele ya juu, kipindi cha hatari kubwa zaidi ni kati ya miezi 15 na 30. Chonge humaliza kwenye miaka sita au saba, gego la pili kwenye saba au minane. Gego la mwisho hujengwa baadaye sana, lakini hilo halionekani mtu anapotabasamu.

Basi dirisha la hatari ni tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ndani yake mwaka wa pili na wa tatu ndio nyeti kupita yote. Katika nyumba yenye maji mazuri machache, mtoto wa umri huo ndiye wa kwanza kupewa, kabla ya mgeni na kabla ya baba. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mara nyingi hufanyika kinyume: maji ya chupa hununuliwa ya wakubwa, na uji wa mtoto hupikwa kwa maji ya mfereji kwa kuwa "si yatachemka".

Floridi yenyewe si sumu ya kukimbiwa kila mahali. Ikigusa uso wa jino lililokwisha kutoka, hulifanya listahimili asidi: enameli ya kawaida huanza kuyeyuka mdomo unapofika pH 5.5 (pH ni kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi), ilhali yenye floridi huvumilia hadi karibu 4.5. Marekani huongeza floridi kwenye maji ya miji tangu 1945, ilipoanza Grand Rapids, na kiwango wanachopendekeza sasa ni miligramu 0.7 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na cha Kenya pia, ni 1.5. Maji ya Ziwa Victoria yanayonywewa Kisumu yana floridi kidogo, kwa hiyo mtoto wa Kisumu anaihitaji kutoka kwenye dawa ya meno. Mtoto wa Rongai au Elementaita ana shida tofauti kabisa.

Kwa nini maji ya huku, na kwa nini usiamini kipimo cha jirani

Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano yenye floridi. Maji yakikaa chini kwa muda mrefu huiyeyusha. Mahali penye kalsiamu nyingi majini, kalsiamu huikamata floridi ikazama; maji yetu mengi ya chini yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi na kalsiamu kidogo, hivyo floridi hubaki imeyeyuka. Ndiyo sababu maji "laini", yanayotoa povu la sabuni upesi, yanapaswa kukutia shaka. Hiyo ni shaka tu. Haihesabiki kuwa kipimo. Floridi katika viwango hivi haina ladha, harufu wala rangi.

Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana mara kadhaa. Kuchimba zaidi hakuhakikishi nafuu, na mara nyingine maji ya kina kirefu na yenye joto ndiyo mabaya zaidi. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, na mito inayoshuka kutoka Mau kwa kawaida ina kidogo kuliko visima virefu. Ukihamia ploti mpya Kiamunyi au Lanet, muulize mwenye nyumba maji yanatoka wapi hasa: kampuni ya maji, kisima chake, au lori? Mara nyingi ni mchanganyiko unaobadilika na msimu, na msimu wa kiangazi ndio wa kupima. Visima vya upande wa Kisumu na Siaya navyo vipimwe. Usalama wa maji ya ziwa si hati ya visima.

Kupima

Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita iliyokuwa na maji ya kunywa. Usitumie ya glasi, wala iliyokuwa na soda au dawa.

1. Fungua maji yatiririke dakika 5. Kama ni kisima cha pampu, iache ifanye kazi mpaka maji yaliyolala kwenye bomba yaishe.
2. Suuza chupa na kifuniko mara tatu kwa maji hayohayo. Usitumie sabuni.
3. Jaza mpaka juu, funga, na uandike mahali, tarehe na saa.
4. Peleka maabara inayopima maji, ya kampuni ya maji, ya serikali au ya chuo kikuu, na useme waziwazi kuwa unataka floridi. Watu wengi hulipia kipimo cha vijidudu, wakarudi na karatasi inayosema "maji ni salama" bila floridi kuguswa.

Maabara hutumia elektrodi ya floridi au rangi inayobadilika. Vyote viwili vinafaa, ila kwa maji yenye chumvi nyingi elektrodi hutegemewa zaidi. Jibu liwe katika miligramu kwa lita.

Ukipata chini ya 0.7, endelea na maisha yako. Kati ya 0.7 na 1.5, usibadili maji, lakini dhibiti chai, magadi na dawa ya meno kwa walio chini ya miaka minane. Kwenye kiwango hiki baadhi ya watoto hupata mistari meupe hafifu. Juu ya 1.5, maji ya kunywa na kupikia ya mtoto yabadilishwe. Juu ya 4, yabadilishwe ya nyumba nzima.

Yasiyosaidia

Kuchemsha hakuondoi floridi, huizidisha. Ukichemsha lita 2 za maji yenye miligramu 3 kwa lita mpaka yabaki lita 1 na nusu, floridi yote bado imo, na sasa ni miligramu 4 kwa lita. Dawa ya klorini huua vijidudu tu. Chujio la mchanga, mtungi wa udongo na mkaa wa kuni havishiki floridi. Kutuliza maji usiku kucha hakubadilishi chochote.

Yanayosaidia, na hesabu zake

Mvua ndiyo tunayoipendekeza kwanza kwa kila mwenye paa la mabati, kwa sababu kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Huhitaji maji ya mvua ya kufulia wala kuogea. Watoto wawili wadogo watakunywa kama lita 3 kwa siku, na sufuria ya nyumba (uji, chai, ugali, wali, mchuzi) itachukua lita 7. Jumla lita 10. Kiangazi cha siku 100 ni lita 1,000: tangi moja dogo.

Paa nalo hutoa zaidi ya unavyotarajia. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Toa sehemu ya tano kwa kumwagika na kukauka. Paa la mita 20 za mraba likipata milimita 50 za mvua linakupa lita 800. Funga gata upande mmoja tu wa paa ikiwa fedha ni kidogo, lakini literemke sawasawa kuelekea tangini. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yamwagike, kwani yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Weka wavu mdomoni mwa tangi, mfereji uwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, na yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa.

Mvua ikipungua, changanya. Ikiwa kisima chako kina miligramu 6, sehemu moja ya kisima kwa sehemu tano za mvua inatoa miligramu 1 kwa lita. Kwenye mtungi wa lita 20 hiyo ni lita 3 na kidogo za kisima, zilizobaki mvua. Kanuni ni kugawanya: kipimo cha kisima chako, gawa kwa kiwango unachotaka, na jibu ndilo idadi ya sehemu zote, moja tu kati yake ikiwa ya kisima.

Mkaa wa mifupa ni njia iliyozoeleka Nakuru. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru, kupitia mpango wake wa maji, imetengeneza vichujio hivi kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, kisha husagwa na kuchekechwa. Kazi hii haifai kufanyiwa nyuma ya nyumba. Joto likipungua, mafuta na nyama hubaki, na maji hunuka na kugeuka manjano. Likizidi, mkaa hupoteza uwezo wa kushika floridi. Ukinunua, mimina kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe. Chembe za kijivu hadi kahawia ya kijivu ndizo nzuri. Nyeusi tititi zenye harufu hazikuiva. Nyeupe pepe zilizidishwa moto. Ziwe za ukubwa wa mchanga mkubwa, milimita moja hivi: unga huziba ndoo, na mawe makubwa huruhusu maji kupita bila kushikwa. Kama imani yako ina masharti kuhusu mnyama, uliza mifupa ilitoka wapi kabla hujalipa.

Kichujio cha nyumbani ni ndoo yenye mkaa juu ya ndoo ya kupokelea. Maji yapite polepole, yakae na mkaa angalau dakika 20. Ukifungua mfereji wazi ili ndoo ijae upesi, unakunywa maji yaleyale ya kisima. Maji ya kwanza yamwage mpaka yatoke yakiwa safi, bila harufu. Mkaa ubaki umelowa wakati wote. Maji yenye tope yatulizwe kwanza. Klorini itiwe baada ya kuchuja, kwani mkaa huila ikitangulia.

Kosa linaloharibu mambo kuliko yote ni kuendelea kutumia mkaa uliochoka. Maji hutoka meupe vilevile, na hakuna atakayejua. Chukua hesabu ya tahadhari: kilo 1 hushika gramu 1 ya floridi. Kilo 10 hushika miligramu 10,000. Kisima kikiwa na miligramu 5 kwa lita, hiyo ni lita 2,000. Ukichuja lita 20 kwa siku, siku 100. Kisima kikiwa na 10, ni siku 50. Andika tarehe ubavuni mwa ndoo, na upeleke maji yaliyochujwa kupimwa nusu ya muda huo na tena karibu na mwisho. Yakikaribia 1, badilisha mkaa bila kungoja 1.5.

Maduka ya kujaza maji mtaani yanafaa ikiwa mashine ni ya utando, ile inayoitwa RO, na utando unabadilishwa. Duka lenye chujio la mchanga, mkaa wa kawaida na taa ya kuua vijidudu halipunguzi floridi hata kidogo, na mashine zote mbili hung'aa vilevile. Omba kuona karatasi ya maabara ya maji yanayotoka, yenye neno floridi na tarehe ya karibuni. Kwa mpangaji asiye na paa lake, mtungi mmoja wa lita 20 wa maji ya namna hii utawatosha watoto wawili na sufuria kwa siku mbili.

Kuna pia njia ya shabu na chokaa, iliyotokana na utafiti wa Nalgonda, India. Ilipojaribiwa Ngurdoto, Tanzania, ndoo ya lita 20 ilitiwa gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa, ikakorogwa haraka dakika moja, polepole dakika tano, ikatulia saa moja, na maji ya juu yakachotwa. Ilishusha floridi kutoka zaidi ya 12 hadi 2 hivi. Hiyo 2 bado ni nyingi kwa mtoto mdogo, na ukikosea vipimo unabaki na aluminiamu majini. Hatuishauri kwa uji wa mtoto pasipo mizani na maabara.

Floridi isiyopitia kwenye kikombe cha maji

Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata mama akinywa maji ya kisima, kwa hiyo miezi sita ya kunyonyesha pekee ni kinga ya bure. Hatari huanza maziwa ya unga yanapokorogwa kwa maji ya kisima, kisha uji. Uji, ugali na wali hunywa maji yote ya sufuria pamoja na floridi yake.

Majani ya chai hukusanya floridi kutoka udongoni, na kikombe cha chai kali huweza kupita miligramu 1 kwa lita hata kikipikwa kwa maji ya mvua. Mtoto wa PP1 haihitaji; maziwa yanamfaa zaidi, na kalsiamu yake hupunguza floridi inayoingia mwilini. Magadi ya kulainishia maharagwe na githeri nayo yana floridi. Loweka nafaka usiku kucha, umwage maji, upike bila magadi.

Dawa ya meno usiiondoe. Chini ya miaka mitatu, paka ukubwa wa punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, ukubwa wa punje ya njegere. Mzazi aipake mwenyewe na kuhakikisha mtoto anatema. Dawa yenye ladha ya matunda isiachwe mahali mtoto atailamba.

Shuleni nako mtoto hunywa sehemu ya maji yake ya siku. Mpe chupa kila asubuhi mpaka amalize gredi ya pili.

Kulisoma jino, na la kufanya kama tayari lina madoa

Mkalishe mtoto karibu na dirisha, futa meno ya mbele kwa kitambaa safi na umwache mdomo wazi kwa dakika moja, kwani jino lililokauka huonyesha zaidi. Floridi huleta mistari meupe ya kukatiza jino, na huwa pacha: jino la kulia na mwenzake wa kushoto hufanana. Doa jeupe lililo kando ya ufizi pekee mara nyingi ni mwanzo wa kuoza. Doa la jino moja tu, mwenzake akiwa safi, huenda lilitokana na kuanguka au ugonjwa wa jino la utotoni. Ukiona mistari pacha kwenye meno ya kwanza ya kudumu, pima maji ya nyumbani wiki hiyohiyo, kwa ajili ya wadogo zake.

Kwa meno yaliyokwisha kutoka, mchanga, majivu, ndimu na asidi ya betri huondoa enameli yenyewe na kuacha jino likiuma kwa maji baridi, na jiki huunguza mdomo. Daktari wa meno ana njia zinazofuata ukubwa wa tatizo. Madoa ya juujuu hukwaruzwa kwa asidi na unga maalumu, chini ya kinga ya mpira, na sehemu inayoondolewa ni ndogo kuliko robo ya milimita. Mistari meupe huweza kujazwa utomvu maalumu unaoingia kwenye vitundu. Kung'arisha husawazisha rangi, ingawa meupe huweza kuonekana zaidi siku za mwanzo. Mashimo hufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Vifuniko vya kudumu vinavyohitaji jino kuchongwa vingoje hadi miaka 18 hivi, ufizi ukishatulia. Atakayekushauri kuvifunga kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, tafuta daktari wa pili kabla ya kulipa.